Kupunguza utendaji wa jeni bila kuizima: kiwango kwanza, mahali baadaye

Swali: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika jenetiki ya mimea na ninafanya kazi na mpunga. Nilitumia CRISPR, chombo cha kukata na kuhariri DNA, kuivunja jeni moja inayohusika na urefu wa shina. Mimea ambayo nakala zake zote mbili zilivunjika ilidumaa vibaya, na masuke yake yakawa matupu. Hata hivyo, katika maabara yetu kuna nasaba za zamani za RNAi (mbinu ya kupunguza jeni kwa kuharibu RNA yake) za jeni hiyo hiyo, na baadhi yake ni fupi kiasi, ni imara na zina mbegu za kutosha. Je, ninaweza kutumia uhariri wa jenomu kuipunguza jeni hii badala ya kuizima? Kama inawezekana, nikate wapi? Nimebakiwa na misimu minne ya kupanda kabla ya kuwasilisha tasnifu.

Jibu: Ndugu mwulizaji, inawezekana, na sehemu kubwa ya ushahidi unaouhitaji tayari unayo mkononi. Lakini swali lako la mahali pa kukata haliwezi kujibiwa kabla ya swali jingine ambalo hukuliuliza: jeni hii inapaswa kubaki ikifanya kazi kwa kiwango gani ili shina lifupike na suke lijae? Watafiti wengi hukimbilia kubuni RNA elekezi, yaani kipande cha RNA kinachokionyesha chombo cha CRISPR mahali pa kukata, kabla ya kujua kiwango wanachokitafuta, kisha hujikuta na mimea mingi iliyohaririwa ambayo hakuna hata mmoja uliofika panapotakiwa. Ninaposema utendaji wa jeni hapa nina maana ya kiasi cha RNA na hatimaye protini kinachotokana na jeni hiyo katika tishu fulani na kwa wakati fulani. Nitaanza na kiwango, halafu nije kwenye mahali.

Tuelewane kwanza kwa nini mimea yako ilidumaa. Kimeng'enya cha Cas9, kikishaongozwa na RNA elekezi hadi kwenye mfuatano wake, hukata nyuzi zote mbili za DNA herufi tatu kabla ya PAM (alama fupi ya DNA ambayo kimeng'enya huihitaji ili kikate), na seli huziunga ncha hizo upesi bila kiolezo, mara nyingi ikipoteza au kuongeza herufi chache. Hitilafu hiyo ikitokea ndani ya sehemu inayosomwa kuwa protini, na idadi ya herufi zilizopotea au kuongezeka ikiwa haigawanyiki kwa tatu, usomaji wote unaofuata huvurugika na protini kamili haipatikani. Ndiyo maana chombo hiki, ambacho kazi yake ya msingi ilichapishwa mwaka 2012 na kuwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020, kilianza kujulikana kwa watu wa mimea kama chombo cha kuvunja. Kuna sifa ambazo kuvunja kunazitosha kabisa. Soya yenye asidi nyingi ya oleiki, kwa mfano, ilipatikana kwa kuzima jeni mbili za FAD2 zinazofanya kazi hasa ndani ya mbegu, kwa hiyo sehemu nyingine za mmea hazikuathirika sana. Jeni za urefu haziko hivyo. Homoni ileile inayorefusha shina ndiyo inayohitajika ili ua likomae, chavua iwe hai na punje zijae, na ukiikata homoni hiyo kila mahali kwa mara moja umeondoa unachokitaka pamoja na usichokitaka.

Wazalishaji wa mbegu walilitumia jambo hili kabla ya mtu yeyote kuijua jeni yenyewe. Mpunga wa IR8, uliotolewa mwaka 1966 na taasisi ya IRRI nchini Ufilipino, ulikuwa mfupi kwa sababu ya aleli (yaani toleo la jeni) inayoitwa sd1. Mwaka 2002 ilibainika kwamba aleli hiyo ni jeni ya GA20ox2 iliyopoteza kipande cha herufi 383, na kwamba jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachohitajika kuzalisha jiberelini, homoni inayorefusha shina. Jeni imeharibika kweli, lakini mmea haukudumaa wala haukukosa mbegu, kwa kuwa mpunga una jeni dada, GA20ox1, inayoendelea kuzalisha homoni hiyo, hasa katika maua. Kwa maneno mengine, kilichopungua ni jumla ya homoni katika shina, huku ua likiendelea kupata sehemu yake. Jeni yako inaelekea haina dada wa kuibeba namna hiyo, na ndiyo maana upunguzaji ule ambao IR8 ilipewa na maumbile itakubidi uutafute ndani ya jeni moja.

Nasaba zako za RNAi usizitupe, kwa sababu ndizo kipimo chako cha kwanza. Chukua machipukizi ya umri mmoja kutoka nasaba zote, pamoja na mimea isiyobadilishwa, upime RNA ya jeni hiyo, kisha ulinganishe kiwango kilichobaki na urefu wa shina pamoja na ujazo wa suke. Utaona mimea mizuri imekusanyika katika eneo fulani la kipimo, pengine kati ya theluthi moja na nusu ya kawaida, pengine chini ya hapo. Jihadhari na jambo moja: RNAi huwinda mfuatano, kwa hiyo inaweza kuwa imepunguza pia jeni nyingine za familia hiyo zinazofanana nayo. Zipime na hizo. Ikiwa ufupi mzuri uliouona unatokana na jeni tatu zilizopungua pamoja, kuihariri moja hakutakupa matokeo yaleyale.

Kipimo cha pili kiko tayari shambani kwako. Mimea yenye nakala moja nzima na nyingine iliyovunjika ni jaribio la karibu nusu ya kiwango ambalo halikugharimu chochote zaidi, na inasikitisha kuona ni mara ngapi mimea hiyo hutupwa kwa kuwa mtafiti anasubiri ile ambayo nakala zote zimevunjika. Katika nyanya, mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba mimea yenye nakala moja tu nzima ya jeni ya SINGLE FLOWER TRUSS, inayotengeneza florijeni (kiashiria cha kuchanua maua), huzaa zaidi kuliko ile yenye nakala mbili nzima. Nusu ndiyo iliyokuwa kiwango bora. Wewe ukikuta mimea yako ya nusu ni mirefu kama ya kawaida, basi unajua kwamba lazima ushuke chini ya nusu; ukikuta imefupika vizuri, basi shabaha yako unayo. Pima RNA hata hapo, kwa sababu jeni nyingi za homoni zina mrejesho wa ndani, yaani hujirekebisha zenyewe zikipungua, na nakala moja iliyobaki inaweza kuwa inafanya kazi kwa bidii zaidi kuliko ulivyodhani.

Uhusiano kati ya kiwango cha jeni na sifa mara nyingi haufuati mstari ulionyooka, na mpunga wenyewe una mfano mzuri kuliko yote niijuayo. Jeni ya Waxy hutengeneza kimeng'enya kinachojenga amilosi, sehemu ya wanga wa punje inayoufanya wali usinate. Aina nyingi za indika, mojawapo ya makundi mawili makuu ya mpunga, zina aleli ya Wxa, na amilosi yake inaweza kuzidi asilimia 25. Aina za japonika, kundi la pili, zina Wxb, inayotofautiana nayo kwa herufi moja iliyo muhimu: pale introni ya kwanza (kipande cha jeni kinachoondolewa katika RNA) inapoanza, panapotakiwa kusomeka GT, pamekuwa TT. Mtambo wa seli unaokata introni na kuunga eksoni, yaani vipande vinavyobaki, hauitambui vyema alama hiyo, RNA nyingi hubaki bila kukamilika, na protini inayopatikana hushuka kwa takriban mara 10. Amilosi haishuki mara 10. Hushuka hadi karibu asilimia 15 au 18. Jeni ikizimwa kabisa, amilosi huwa chini ya asilimia 2 na wali huwa wa kunata. Ona basi: kupunguza protini hadi sehemu ya kumi kumeacha zaidi ya nusu ya sifa, na ile sehemu ya kumi iliyobaki ndiyo inayotenganisha wali wa kawaida na wa kunata. Anayefanya kazi na kimeng'enya atakuta hali kama hii mara nyingi. Anayefanya kazi na protini inayoongoza jeni nyingine anaweza kukuta kinyume chake, yaani upungufu mdogo wenye athari kubwa. Huwezi kukisia, lazima upime.

Sasa tuje mahali pa kuhariri. Wengi hufikiria promota kwanza, yaani eneo lililo kabla ya mwanzo wa jeni ambapo protini za unakili hushika, na fikra hiyo ina msingi. Nyanya ya porini ina vyumba viwili vya mbegu. Nyanya kubwa za kisasa zina vyumba vingi kwa sehemu kutokana na aleli ya fas, ambayo ni kipande cha kromosomu chenye takriban herufi 294,000 kilichogeuka na kuitenga promota ya jeni ya CLV3 na jeni yenyewe. CLV3 huzuia seli za ncha ya ukuaji zisizidi. Ikipungua, ncha hupanuka, ua huongezewa sehemu, na tunda hupata vyumba zaidi. Mwaka 2017 kundi la Zachary Lippman katika Cold Spring Harbor Laboratory liliielekezea promota hiyo RNA elekezi nane kwa pamoja, na badala ya aleli moja iliyovunjika wakapata mfululizo wa aleli mpya, kuanzia ile isiyobadili kitu hadi ile inayokaribia kuizima jeni.

Mbinu yao inafaa uiangalie kwa karibu, maana unaweza kuiiga. Walichukua mmea uliobeba Cas9 pamoja na aleli yenye upungufu mkubwa, wakaupandisha na mmea wa kawaida. Katika watoto, nakala moja ya jeni tayari ni dhaifu, na nakala nzima iliyotoka kwa mzazi wa kawaida huendelea kukatwa na Cas9 iliyorithiwa. Kila mtoto basi anaweza kupata badiliko lake, na badiliko hilo huonekana mara moja katika umbo la mmea kwa kuwa hakuna nakala nzima ya kulificha. Watoto ambao hawakurithi Cas9 katika kizazi kinachofuata hubaki na aleli mpya tu. Wewe tayari una aleli iliyovunjika kabisa. Ukiipandisha na mmea unaobeba Cas9 yenye RNA elekezi za promota, utakuwa na uwanja uleule wa uteuzi.

Hata hivyo, sikushauri uingie kwenye promota ukidhani ni kazi nyepesi. Badiliko la herufi moja au mbili katika promota mara nyingi halifanyi lolote, kwa sababu protini za unakili hushika mahali pengi na pengine hufidia. Ufutaji wa mamia ya herufi, kwa upande wake, unaweza kuizima jeni sawasawa na kuivunja. Kati ya pande hizo mbili hakuna kanuni inayokuambia mapema kipande kipi kitatoa nini. Kundi lile la nyanya lenyewe lilikuta kwamba kiasi cha RNA kilichobaki hakitabiri vyema idadi ya vyumba. Isitoshe, promota ina vizuizi pamoja na vichocheo, na ukikifuta kizuizi jeni itapanda badala ya kushuka. Wala si kila kichocheo kinakaa karibu: katika mahindi, eneo linalodhibiti jeni ya tb1, lile lililobadilika wakati wa kufugwa kwa zao hilo, liko takriban herufi 60,000 kabla ya jeni. Mpunga una jenomu ndogo na maeneo yake ya udhibiti mara nyingi yako jirani, lakini kagua kwanza ni sehemu zipi za promota zimehifadhiwa katika jamaa zake na zipi ziko wazi katika kromatini (DNA iliyofungwa pamoja na protini zake), kisha ndipo uchague RNA elekezi. Ikiwa promota yako ina herufi nyingi za A na T, fikiria Cas12a, kimeng'enya kingine cha kukata DNA, ambayo PAM yake ni ya T nyingi na ambayo hufuta vipande virefu kidogo kuliko Cas9.

Kuna jambo jingine kuhusu CLV3 linalopaswa kumfanya kila mmoja wetu awe mwangalifu. CLV3 ikivunjwa katika nyanya, jeni dada iitwayo SlCLE9 huongeza utendaji wake na kuziba sehemu ya pengo. Mmea haukai kimya unapoupunguzia kitu. Ndiyo sababu ninasisitiza upime dada wote wa jeni yako katika mimea iliyohaririwa, hata wale ambao hukuwagusa, kwani sifa unayoiona ni ya mtandao mzima.

Promota ina faida moja ambayo njia nyingine hazina: inaweza kupunguza jeni mahali pamoja au wakati mmoja tu. Bakteria wa Xanthomonas oryzae, anayesababisha ugonjwa wa bakteria wa majani ya mpunga, huingiza ndani ya seli protini zinazoshika promota za jeni za SWEET11, SWEET13 na SWEET14 na kuziamsha, ili seli imwage sukari inayomlisha bakteria. Kuzivunja jeni hizo hakufai, kwa maana SWEET11 husaidia kupeleka sukari katika punje, na mmea usio nayo hujaza punje vibaya. Watafiti walifanya jambo lenye busara zaidi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019: walibadili herufi chache tu pale protini za bakteria zinaposhika, katika promota zote tatu, wakiiacha kazi ya kawaida ya jeni. Mpunga uliopatikana, zikiwemo aina za IR64 na Ciherang-Sub1, uliweza kukinza aina nyingi za bakteria huyo. Ninaiona kazi hii kuwa miongoni mwa mifano bora ya uhariri katika mimea, kwa kuwa kilichoondolewa ni utendaji wenye madhara peke yake. Kwa jeni yako, kama urefu wa shina na ujazo wa suke vinaongozwa na maeneo tofauti ya promota, njia hii itakupa kile ambacho hakuna upunguzaji wa jumla unaoweza kukupa. Lakini hilo ni la kuthibitishwa kwanza.

Njia ambayo kwa hali yako ninaipa kipaumbele iko baada ya promota, katika kipande cha RNA mjumbe kinachotangulia protini. Ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, hushika ncha ya mwanzo ya RNA na kusogea hadi inapokutana na ATG, ambayo katika RNA ni AUG, na hapo huanza kujenga. Ukiiwekea ATG nyingine kabla ya ile halisi, ribosomu nyingi zitaanzia pale, zitajenga kipeptidi kifupi kisicho na kazi, zitafika kwenye kodoni ya kusimama (herufi tatu zinazomaliza ujenzi) na kuachia. Chache tu ndizo zitakazoendelea hadi protini halisi. Upunguzaji huu hauhitaji kukata nyuzi zote mbili za DNA. Tafuta katika eneo hilo mahali palipoandikwa ACG: uhariri wa besi, yaani ule unaobadili herufi moja kuwa nyingine, unaogeuza C kuwa T utakupa ATG. Palipoandikwa ATA, uhariri unaogeuza A kuwa G utakupa ATG vilevile. Kama tayari kuna fremu ndogo ya aina hiyo (kipande kinachosomwa kuanzia ATG hadi kodoni ya kusimama) inayoishia kwa TAG, kuigeuza TAG kuwa TGG kutaiondoa kodoni ya kusimama na kuirefusha fremu hiyo, na ikirefuka kiasi cha kuipita ATG ya jeni halisi, uzuiaji huwa mkali zaidi. Pasipo na herufi zinazofaa, uhariri unaotumia RNA elekezi iliyobeba kiolezo chake unaweza kuandika herufi mpya hapo.

Mwaka 2023 kundi la Caixia Gao nchini China lilichapisha kazi iliyotumia mbinu hizi kwa mpangilio. Walipata mfululizo wa aleli zilizopunguza utafsiri wa protini hadi kati ya asilimia 2.5 na 84.9 ya kiwango cha kawaida, na walipozitumia katika jeni ya OsDLT ya mpunga, iliyo katika njia ya homoni za brasinosteroidi, walipata mimea yenye urefu na idadi ya machipukizi iliyopishana kwa hatua, kama walivyotabiri. Kwa anayetafuta ufupi wa kiasi katika mpunga, sioni kazi iliyo karibu zaidi na haja yako. Uzuri wake mwingine ni kwamba unaweza kuzijaribu aleli kabla ya kuziingiza katika mmea. Tengeneza kipande hicho cha mwanzo pamoja na kila badiliko unalolifikiria, kiunge na jeni ya lusiferesi (protini inayotoa mwanga unaopimika), ukiingize katika protoplasti za mpunga, yaani seli zilizoondolewa kuta, na baada ya siku moja au mbili utajua ni badiliko gani linalopunguza kwa nusu na lipi linapunguza hadi sehemu ya kumi. Kisha chagua yale mawili au matatu yaliyo karibu na kiwango ulichokipata kwenye nasaba za RNAi. Kasoro yake ni kwamba upunguzaji hutokea katika kila tishu ambayo RNA hiyo ipo; hauchagui shina na kuliacha suke.

Njia nyingine nitazipitia kwa ufupi. Alama za ukataji wa introni zinaweza kuhaririwa kwa kuiga Wxb, na mwaka 2020 watafiti nchini China walipata aleli mpya za Waxy kwa kuhariri promota na eneo la introni yake ya kwanza. Tahadhari ni kwamba ukataji wa introni huathiriwa na joto: Wxb hutoa RNA kamili nyingi zaidi, na amilosi zaidi, pale punje zinapojaa katika hali ya baridi. Kwa mazao yenye nakala nyingi za jeni moja, idadi ya nakala zinazovunjwa huwa ndiyo kipimo chenyewe. Ngano ya mkate ina jenomu tatu ndani ya moja, na kuvunja nakala moja, mbili au zote tatu za jeni ya TaGW2 huongeza ukubwa wa punje kwa hatua. Katika muhogo, jeni mbili, CYP79D1 na CYP79D2, huanzisha utengenezaji wa misombo inayotoa sianidi. Kuvunja zote mbili kuliondoa sianidi, kuvunja CYP79D2 peke yake kuliipunguza kwa kiasi kikubwa, na kuvunja CYP79D1 peke yake hakukuwa na athari kubwa, ishara kwamba jeni mbili zinazofanana hazigawani kazi nusu kwa nusu. Kwa kuwa jeni yako ni moja, njia ya nakala haikuhusu.

Umetaja RNAi, kwa hiyo inafaa niseme inatofautianaje na haya. Nasaba zenu za zamani zina jeni iliyoingizwa inayotengeneza RNA ya nyuzi mbili, ambayo seli huikata vipande vya herufi 21 hadi 24 na kuvitumia kuharibu RNA zinazolingana navyo. Jeni hiyo ikiondoka, upunguzaji nao unaondoka, na kiwango chake kinaweza kubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Aleli iliyohaririwa hubaki katika kromosomu na hurithiwa kama aleli nyingine yoyote. Mpaka kati ya njia hizi mbili, hata hivyo, si mkali kama inavyosemwa. Kuna mpunga wa Kijapani, LGC-1, wenye glutelini kidogo (protini kuu ya punje), unaofaa kwa wagonjwa wa figo wanaotakiwa kupunguza protini. Ndani yake kipande cha herufi takriban 3,500 kilichokuwa kati ya jeni mbili za glutelini zinazofanana na kuelekeana kilifutika, usomaji ukapitiliza kutoka jeni moja hadi nyingine, na RNA iliyopatikana ikajikunja kuwa ya nyuzi mbili. Mpunga ukaanza kujifanyia RNAi bila jeni ya kigeni. Soya ya njano nayo ina rangi hiyo kwa sababu ya nakala zilizogeuzwa za jeni za kalkoni sinthase, kimeng'enya cha kutengeneza rangi, zinazozima rangi katika ganda la mbegu. Mtu mwenye Cas9 na RNA elekezi mbili anaweza kuufanya ufutaji au ugeuzaji kama huo kwa makusudi, na matokeo yake yatatawala hata nakala moja tu ikibadilika. Ni njia ninayoiheshimu, hasa kwa familia kubwa za jeni, ila kwa jeni moja na misimu minne haina haja.

Kuhusu upimaji, RNA ya jani haikuambii lolote kuhusu jeni inayofanya kazi kwenye fundo la shina linalorefuka au kwenye suke changa. Chukua tishu yenyewe, kwa umri uleule, kutoka mimea isiyopungua mitatu ya kila aleli, na linganisha na jeni rejea (jeni ambazo kiwango chake hakibadiliki) zaidi ya moja. Ukitumia njia ya ATG ya ziada, kumbuka kwamba RNA inaweza isibadilike kabisa huku protini ikiwa imeshuka hadi robo, kwa hiyo pima protini kwa kingamwili au kwa kazi ya kimeng'enya. Usitoe hukumu kutokana na mimea ya kizazi cha kwanza baada ya kuingiza vifaa vya uhariri, kwani mara nyingi ni mchanganyiko wa seli zenye mabadiliko tofauti. Subiri kizazi ambacho nakala zote mbili zina aleli moja na Cas9 haimo, vinginevyo utakuwa unapima kitu ambacho bado kinaendelea kubadilika. Kuondoa Cas9 katika mpunga ni rahisi, kwa kuwa hujichavusha na robo ya watoto wa mmea wenye nakala moja ya Cas9 huikosa kabisa. Hatua hiyo ina maana kisheria pia: Argentina, tangu kanuni zake za mwaka 2015, huangalia kama kuna mchanganyiko mpya wa jeni uliobaki katika mmea, ilhali Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018 kwamba mimea iliyohaririwa iko chini ya sheria za viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki. Soma kanuni za nchi utakayopanda kabla ya kutoa mbegu nje ya chafu.

Kwa misimu yako minne, ningekushauri hivi. Msimu wa kwanza pima nasaba za RNAi na mimea yenye nakala moja iliyovunjika, na wakati huohuo jaribu mabadiliko ya ATG katika protoplasti. Kabla ya msimu kwisha uwe umechagua aleli mbili au tatu na kuanza kuziingiza katika mpunga. Msimu wa pili utakuwa wa mimea ya kwanza na kuisoma DNA yake. Msimu wa tatu utenganishe Cas9 na kupata mimea ambayo nakala zake zote mbili zina aleli moja. Msimu wa nne upime urefu, masuke, RNA na protini, ukipanda katika hali mbili za joto kama una nafasi. Ule mpandisho wa promota uufanye sambamba tangu msimu wa pili, kwa idadi ya mimea ambayo unaweza kuihudumia, bila kuifanya tasnifu yako iutegemee. Na ikiwa kipimo cha msimu wa kwanza kitakuonyesha kwamba hakuna kiwango chochote ambacho shina hufupika na suke likabaki limejaa, usianze kuingiza aleli za ATG hata moja. Elekeza nguvu zote kwenye promota, kwa kuwa hapo utakuwa umejua kwamba shina na suke lazima vitenganishwe.